Kamba ya shangazi: karisi ya Mwindo na mtoto anayerudi kwa baba mgonjwa

Katika vitabu vidogo vya namna hii, sisi watu wa utamaduni tumezoea kuandika juu ya kuzaliwa, kutahiriwa, ndoa na kilio. Kila jambo lina sura yake, na kila sura ina bazee wake wa kuieleza. Lakini kuna safari moja ambayo haina sura. Ni safari ya mtoto aliyeachana na baba yake kwa ugomvi, akaenda mbali, akaoa ao akaolewa huko bila jamaa kujua, kisha siku moja simu inalia: baba ni mgonjwa sana, pengine hatamaliza mwezi. Mtoto anataka kurudi. Na hataki kurudi peke yake. Anataka kuja na bibi yake, ao bwana yake, ambaye nyumba ile haijamuona hata siku moja.

Swali hili si la mchezo. Tangu vita vya 1996, vijana wa Kivu wametawanyika: Goma, Kisangani, Kampala, Nairobi, na wengine Ulaya. Wameoana na watu ambao wazazi hawajui hata jina la kijiji chao. Zamani kijana aliyegombana na baba alikimbilia kwa wajomba, mwendo wa siku moja ao mbili, na habari zake zilifika nyumbani kila siku ya soko. Leo anaweza kukaa miaka kumi bila baba kujua kama yuko hai, na akirudi, anarudi na nyumba nzima nyuma yake.

Wengi wetu tumepokea jibu la swali hili kutoka kwa michezo ya kuigiza, ile inayochezwa kwenye sale za parokia, kwenye redio na kwenye televisheni za miji yetu. Sisi tunaona kwamba jibu la michezo hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine iko ndani ya hadithi ambayo watu wengi wanaijua kama hadithi ya vita: karisi ya Mwindo, ya Banyanga wa Walikale. Tutaisoma hapa, si juu ya vita vyake, bali juu ya mambo yanayotokea kati ya mtoto, baba na shangazi.

Maneno ya Rureke

Karisi ni masimulizi marefu ya Banyanga, yanayosemwa, kuimbwa na kuchezwa. Mwenye kuyajua anaitwa shekarisi. Maandishi yanayojulikana zaidi yalitoka kinywani mwa shekarisi Candi Rureke mwaka 1956, mbele ya mtaalamu wa Ubelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Banyanga. Kazi ile ilichukua siku 12. Kitabu kilichapishwa mwaka 1969 huko California, Marekani, kikiwa na majina mawili: Biebuyck, na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga wenyewe. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya Mwindo, kwa maana si kila shekarisi anasimulia sawasawa. Sisi tutafuata ya Rureke.

Tukumbushe kwa ufupi. Shemwindo ni mwami wa Tubondo, mwenye wake saba. Anatoa amri: wake zake wazae wasichana tu, akizaliwa mvulana, atauawa. Wasomaji wengi wamefikiri kuwa nyuma ya amri hiyo kuna tamaa ya mahari, kwa sababu binti analeta mali nyumbani na mvulana anaitoa. Wake sita wanazaa wasichana. Wa saba, mpendwa wake, anazaa Mwindo, mtoto anayekuja duniani akicheka, akisema, akitembea, na usinga wa mkia wa nyati mkononi. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika mzima, anatoka. Mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Kwa njia ya maji Mwindo anafika kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Kutoka huko anarudi Tubondo kupigana, akisaidiwa na wajomba zake. Radi ya Nkuba inateketeza kijiji. Baba anatoroka, anashuka chini ya ardhi, katika nchi ya Muisa. Mwindo anamfuata mpaka anampata, na anarudi naye nyumbani.

Wenye kusimulia kwa haraka wanaishia kwenye radi. Kijana ameshinda, basi. Lakini kama shida ilikuwa vita, Rureke angenyamaza pale. Hakunyamaza, kwa sababu mtoto aliyeshinda kijiji kizima bado hakuwa na baba. Ndio maana sehemu kubwa ya karisi inakuja nyuma ya ushindi: kumtafuta mzee, kumrudisha, kuketi naye mbele ya watu. Mwindo anawafufua hata watu wa Tubondo waliokufa. Ushindi wake peke yake haukumtosha.

Ndoa iliyotangulia

Kuna jambo moja ambalo msikilizaji mwenye haraka analipita. Kabla ya mtoto ye yote kuzaliwa, Rureke anasimulia ndoa ya Iyangura, dada ya Shemwindo. Na anaisimulia polepole. Mukiti anakuja Tubondo, anasema anachotaka. Anajibiwa. Vitu vya mahari vinatajwa, mbuzi wanatajwa, siku zinapangwa. Bibi anasindikizwa. Mtu anaweza kuuliza: ndoa hii inatuhusu nini, wakati hadithi ni ya Mwindo?

Sisi tunaona kwamba inahusu sana. Mlango huu ulifunguliwa kwa njia inayojulikana na watu wote. Baadaye baba anapoifunga nyumba mbele ya mtoto wake, mtu mmoja anaweza bado kuingia na kutoka: yule aliyetoka mchana, watu wakiona. Iyangura ni wa tumbo moja na mwami, lakini anakaa kwingine. Hakuwako Tubondo wakati Mwindo alipozaliwa na kuteswa. Hana hofu ya kufukuzwa, kwa sababu alishaondoka kwa heshima. Ndio maana anaweza kusimama kati ya wawili bila kuwa mtu wa mmoja.

Hata kwake mlango haukufunguka kwa urahisi. Bwana yake Mukiti alimpinga kijana, na mlinzi Kasiyembe alimtegea mitego. Hilo pia ni kweli ya nyumba zetu. Mtu wa pembeni anayepokea mtoto aliyekataliwa anapata matata katika nyumba yake mwenyewe. Bwana anauliza: "Juu ya nini unatuletea vita vya kwenu?" Shangazi anayekubali kazi hii anailipia, na jamaa hawakumbuki kumshukuru.

Kamba

Mwindo anapotaka kushuka kwa Muisa, anamwachia Iyangura ncha moja ya kamba, na yeye anashuka na ncha nyingine. Kamba ikitikisika, yuko hai. Ikinyamaza, amekufa. Kisha anaanza kumfuata baba, na baba anakimbia tena na tena: kwa Muisa, halafu kwa Ntumba, halafu kwa Sheburungu. Kwa Sheburungu kijana anacheza mchezo wa bahati na kupoteza karibu kila kitu, mpaka anabaki na usinga wake. Anauweka nao, na hapo anaanza kushinda, mpaka anampata baba yake.

Katika mambo haya yote, shangazi hafanyi kitu kikubwa. Anashika kamba tu. Lakini bila yeye, hakuna mtu huku juu ambaye angejua kama safari inaendelea.

Tukirudi kwenye simu inayolia usiku, tuulize: nani anashika kamba ya huyu mtoto? Vijana wengi wanapiga simu kwa baba moja kwa moja, ao hawapigi kabisa, wanatokea mlangoni na sanduku na bibi. Wanafikiri kwamba moyo mzuri unatosha. Moyo mzuri hautoshi. Lazima mtu wa ndani aulizwe kwanza: mzee anaweza bado kusema? Saa gani anakuwa na akili ya kutulia? Nani analala naye? Nani katika nyumba hatafurahi kutuona, na kwa sababu gani? Mtu huyo anaweza kuwa shangazi, na kwa desturi ndiye anayefaa. Akiwa amekufa, atafutwe dada wa kwanza, baba mdogo mwenye roho ya upole, ao jirani wa zamani ambaye mzee anamsikia. Cheo chake si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni kwamba anajua kuingia na kutoka, na kwamba pande zote mbili zinaamini neno lake.

Neno la baba

Tufike sasa kwenye kosa la michezo ya kuigiza. Mchezo wenyewe tunaujua sote. Kijana anaingia, anaanguka magoti kando ya kitanda, analia. Bibi yake amesimama nyuma, kikwembe kichwani. Mzee anainua mkono polepole, anatema mate ya baraka, anasema maneno mawili, anakata roho. Muziki unaingia. Watu katika sale wanalia, na sisi pia tumelia, kwa sababu wachezaji wetu wanajua kazi yao.

Lakini tuangalie namna mchezo ulivyoanza. Mara nyingi katika sehemu ya kwanza tulimuona mzee huyu huyu akimfukuza kijana na panga, ao akimlaani juu ya mbuzi wawili waliopunguka, ao akisema mbele ya majirani: "Ule si mutoto yangu tena." Sehemu ya mwisho inapofika, mambo hayo yote yamefutika. Ugonjwa umekuwa sabuni. Aliyekosa ni mmoja tu, yule anayepiga magoti.

Karisi haifanyi hivyo. Baba na mtoto wakisharudi Tubondo, watu wanakusanywa, na wa kwanza kueleza makosa yake ni Shemwindo. Anasema mbele ya wote yale aliyomtendea mtoto wake. Kisha Iyangura anasema, na anamlaumu kaka yake waziwazi, pamoja na washauri wake. Kisha Mwindo anasema kwamba amesamehe. Nyuma ya hayo ndipo vitu vya utawala vinapotolewa na nchi inagawanywa. Mtoto hasamehewi kabla ya baba kusema. Tena, kwa Rureke, mtoto ndiye anayesamehe.

Msomaji atatupinga: "Munataka kumuhukumu muzee anakufa?" Hapana. Mtu anayetafuta pumzi haketishwi mbele ya baraza. Shemwindo alikuwa mzima, alikuwa na nguvu za kukimbia nchi tatu. Baba yetu mgonjwa hana. Neno lake linaweza kuwa dogo sana. Linaweza kuwa moja: "Nilikosa." Linaweza kupita kwa shangazi, siku mbili kabla mtoto hajafika. Linaweza kuwa mkono tu, ikiwa mkono huo umenyooshwa na yeye wa kwanza. Lakini lisipokuwako kabisa, mtoto anatoka pale amebeba kosa la watu wawili, na atalibeba miaka yote ambayo baba hatakuwako tena kulichukua.

Zaidi ya hapo, Iyangura anatufundisha jambo ambalo sisi tunaona ni la maana kuliko yote. Hakumlaumu mwami peke yake. Alilaumu na washauri. Amri ya Shemwindo ilikuwa na watu nyuma yake. Na baba zetu vilevile. Mara ngapi mzee alitaka kumwita mtoto wake, na watu wa baraza wakamwambia, "Usimupokee, atakuzarau"? Mzee sasa amelala, hawezi kusema. Lakini wale washauri wako wazima. Wameketi inje kwenye viti, wanakunywa kasiksi, wanangojea kilio. Hao wanaweza kusema. Ikiwa mgonjwa hana tena sauti, sauti ya kuomba radhi kwa mtoto iko pale kiwanjani, kwa wale waliomshauri vibaya. Mchezo wa kuigiza hauwaweki jukwaani hata mara moja. Hii ndiyo sababu tunasema ni nusu ya jibu.

Si karisi peke yake inayomtikisa mzazi. Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, alitengeneza filamu Pièces d'identités mwaka 1998, na mwaka 1999 ikapata zawadi kubwa ya FESPACO, Ouagadougou. Ndani yake mfalme mzee anaacha nchi yake na kwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake aliyepotea. Ni mzee anayefunga safari na ni yeye anayekutana na aibu njiani. Kati ya Rureke na Mweze kuna miaka arobaini na kitu, na msitu na kamera. Lakini wote wawili hawakubali kwamba mzazi aketi tu na kungoja magoti ya mtoto.

Na yule mgeni?

Sasa tuseme juu ya bibi mpya, ao bwana mpya. Michezo yetu ina namna mbili za kumuonyesha. Katika ya kwanza hana neno: anabeba mtoto mgongoni na kulia. Katika ya pili ndiye mbaya: alimfunga kijana roho, alimnywesha kitu, alimsahaulisha kwao. Namna ya pili inapendwa sana, kwa sababu inaponyesha kila mtu wa ukoo. Baba hakukosa, mtoto hakukosa, aliyekosa ni mtu wa kabila lingine. Tuseme wazi: huo ni uongo unaopendeza, na katika mkoa ambapo watu wamekufa juu ya kabila, ni uongo wa hatari.

Karisi haituonyeshi Mwindo akija kwa baba na bibi. Lakini inatuonyesha namna mgeni anavyoingia katika nyumba asiyoijua. Mwindo akifika kwa Muisa, anamkuta Kahindo, binti wa nyumba ile, na Kahindo anamwambia mapema: Muisa akikupa kiti, usiketi, akikupa pombe na chakula, usipokee. Mwindo anapona kwa sababu mtu wa nyumba alimfunulia mitego ya nyumba.

Bibi mpya anayeingia kwa baba mkwe mgonjwa yuko kama Mwindo kwa Muisa. Hajui kiti gani ni cha marehemu babu. Hajui kama akimpa mgonjwa mkono ni heshima ao ni dharau. Hajui kwa nini mama mkwe amegeuka alipotaja jina lake. Anahitaji Kahindo wake: dada wa bwana, ao bibi wa kaka, ambaye atamvuta jikoni na kumwambia, "Huku kwetu, unapika mbele, unasalimia nyuma." Bila huyo, atakosa mara tatu kabla ya kuketi, na kila kosa litahesabiwa kuwa ni la kabila lake.

Tena, tusifikiri kwamba kuja na bibi ni kiburi. Kuna sababu nzito. Mzee akifa bila kumuona, mgeni huyu hatakuwa na mahali pa kuketi kwenye kilio. Watamuuliza, "Wewe ni nani?", na hakuna atakayeweza kujibu kwamba mzee alimjua. Watoto watakaozaliwa watakuwa na babu wa picha tu. Kumbe dakika tano kando ya kitanda zinaweza kumpa mtu ukoo. Kwa hiyo aje. Lakini asiingie pamoja na bwana yake mara ya kwanza. Kwanza aingie mtoto, na shangazi. Baba na mtoto wana deni la zamani kati yao, na deni halilipwi mbele ya mgeni. Mambo yakitulia, saa ileile ao kesho yake, shangazi amlete na kumtaja: jina lake, jina la baba yake, ukoo wake, mahali anapotoka. Mtu anayetajwa hivi si tena "yule mwanamke". Amekuwa mgeni mwenye kwao.

Mahali karisi inaponyamaza

Kusifu maandishi bila kuonyesha mipaka yake si kazi ya uhakiki. Karisi ya Rureke inanyamaza mahali pawili ambapo sisi tunahitaji sauti.

Pa kwanza ni mama. Yule aliyemzaa Mwindo, ambaye mtoto wake alizikwa mzima na kutupwa mtoni, hana neno katika mapatano ya Tubondo. Anayesema kwa upande wa wanawake ni dada ya mwami. Lakini katika nyumba zetu, ugomvi wa baba na mtoto unapita katikati ya mwili wa mama. Ndiye aliyekuwa akipokea simu kwa siri. Ndiye aliyeambiwa, "Ukimupa chakula, utamufuata." Mtoto anayerudi na kwenda moja kwa moja kwa baba, akampita mama mlangoni, anarudia kosa la karisi.

Pa pili ni binti. Mabinti wa Shemwindo wako kule, lakini hadithi haiwafuati. Tufikirie mmoja wao amekwenda zake na mtu ambaye hakuleta hata mbuzi mmoja, na sasa anarudi naye. Baba aliyetaka wasichana tu angesema nini? Hapa ndipo pagumu kweli leo. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema katika kifungu cha 361 kwamba mwanaume na jamaa yake wapatane na wazazi wa mwanamke juu ya dote, na angalau sehemu yake itolewe kabla ya ndoa kufungishwa. Desturi na serikali zinasema kitu kimoja. Basi binti akifika na bwana ambaye hakutoa kitu, atasikia: "Bwana yako hatuyamuona hapa hata siku moya." Na wengine wataona ugonjwa wa mzee kuwa ni nafasi ya kudai yote kwa mara moja, maana mkwe ana aibu na hatakataa.

Sisi tunasema: mahari haihesabiwi kando ya kitanda cha mgonjwa. Ikihesabiwa pale, baba amekuwa tena Shemwindo, aliyepima watoto kwa mali watakayoleta. Mkwe asije mikono mitupu. Alete cha kusalimia, mbuzi ao sukari na sabuni ao dawa, kadiri ya uwezo wake, na kisiitwe mahari. Siku ya mahari itajwe, na mashahidi wa pande zote mbili waisikie. Mzee akifa kabla, deni halifi naye, kwa sababu mahari ni ya ukoo, si ya mtu mmoja. Kwa mgonjwa, kusikia tu kwamba mtu amekubali deni mbele ya mashahidi ni pumziko.

Kwa wale ambao baba aliwatendea mabaya makubwa

Hatuwezi kufunga maneno haya bila kusema juu ya watoto ambao hawakuachana na baba juu ya mbuzi ao dini. Kuna waliopigwa karibu na kufa. Kuna waliotendewa mambo ambayo hayaandikwi hapa. Watu wa kanisa na watu wa desturi wanawaambia wote neno moja: "Ni baba yako, kwenda." Karisi haisemi hivyo kwa wepesi. Shemwindo alitaka kumuua mtoto wake, na Rureke hafichi hata mkuki mmoja. Na Mwindo hakumrudia akiwa uchi: wajomba zake walimvika chuma kwanza. Mtoto aliyejeruhiwa namna hiyo ana haki ya kuvikwa chuma, maana yake kwenda na watu wa upande wa mama, kukaa muda mfupi, kulala kwingine. Ana haki pia ya kushika ncha ya kamba kutoka mbali, na kumwachia shangazi afikishe neno lake.

Na baba akikataa kabisa kuwaona? Inatokea. Kuna wazee wanaokimbia mpaka kwa Sheburungu. Mtoto na mwenzake wakae kwa shangazi, wasilazimishe mlango. Shangazi aseme wazi, mbele ya washauri: "Balishakuya, biko inje." Neno hilo ni ushahidi. Siku ya maziko hakuna atakayeweza kusimama na kusema kwamba hawakuja, na bibi mpya atakuwa na mahali pa kuketi kwa sababu alikuwako wakati wa ugonjwa.

Kwa wachezaji wetu wa sale na wa redio tuna ombi dogo. Wasitoe magoti ya kijana, wala mkono wa mzee. Hayo ni mazuri na watu wanayapenda. Waongeze watu wawili: shangazi anayekuja kabla ya kijana, na mshauri mmoja anayelazimishwa kusimama kwenye kiti chake na kusema aliyoyashauri. Mchezo utakuwa mrefu kwa dakika kumi. Lakini kijana aliyeketi nyuma ya sale, mwenye simu mfukoni na baba mgonjwa kule Walikale, atatoka akijua ampigie nani kwanza.